Risasi ndani ya udongo: kutoka Kabwe mpaka lupango za Lubumbashi

Asubuhi mjini Lubumbashi, kazi ya kwanza katika nyumba nyingi ni kufagia lupango. Udongo unafagiliwa mpaka ubaki mtupu, bila jani hata moja, na lupango iliyofagiliwa vizuri ni heshima ya mama mwenye nyumba. Majani yanang'olewa kwa sababu yanaficha nyoka na kuleta mbu. Ni desturi nzuri, na hakuna mtu wa kuilaumu. Lakini katika miji iliyojengwa kando ya tanuru za kuyeyusha madini, vumbi linalopanda nyuma ya ufagio linaweza kubeba kitu kisichoonekana kwa jicho wala kunukia puani. Kitu hicho ni risasi.

Risasi inayosemwa hapa si ile ya bunduki tu. Ni madini mazito, laini na ya rangi ya kijivu, ambayo waliosoma Kifaransa wanayaita plomb. Imo ndani ya betri za gari, ilikuwa ndani ya rangi za nyumba na ndani ya petroli, na inatoka pamoja na moshi wa mawe ya madini yanapochomwa. Ikishatua ardhini haiozi, na mvua haiishushi kwa urahisi. Inashikamana na udongo wa juu kabisa, ule wa sentimita chache za kwanza. Ndipo hapo mtoto anapotambaa na kucheza, kisha anapeleka mkono kinywani.

Namna madini haya yalivyofika katika viwanja vya watu ni historia ya zaidi ya miaka mia moja. Inaanza upande wa pili wa mpaka, Zambia, na inapita juu ya reli ileile iliyozaa mji wa Lubumbashi.

Reli moja, tanuru mbili

Mwaka 1902 mtafuta madini mmoja alikuta vilima vya risasi na zinki katika nchi ambayo Waingereza waliiita Rhodesia ya Kaskazini. Mahali hapo pakapewa jina la Broken Hill, kwa sababu palifanana na mgodi wenye jina hilo kule Australia. Leo mji huo unaitwa Kabwe. Reli kutoka kusini ilifika pale mwaka 1906, na mgodi ukaanza kazi.

Mwaka huohuo wa 1906, upande wa Kongo, kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa. Ilihitaji njia ya kuleta mashine na kutoa shaba. Basi reli ya Broken Hill ikasukumwa kuelekea kaskazini: mwisho wa 1909 ilikuwa imefika mpakani upande wa Sakania, na mwaka 1910 ikaingia Élisabethville, mji ambao leo ni Lubumbashi. Mwaka 1911 tanuru la Lubumbashi likatoa shaba yake ya kwanza.

Miji hiyo miwili ilikua kwa namna moja. Kampuni ilijenga tanuru, ikajenga kambi za wafanyakazi karibu ili watu waende kazini kwa miguu, kisha wake na watoto wakaja, na karibu na kambi vikaota vitongoji vingine. Kule Kabwe mitaa ya Kasanda, Chowa na Makululu ilijaa watu karibu na mgodi na jalala lake. Upepo ulipovuma, moshi na vumbi vilikwenda moja kwa moja juu ya nyumba.

Mgodi wa Kabwe ulifanya kazi karibu miaka 90 na ukafungwa mwaka 1994. Siku ulipofungwa, wafanyakazi walipoteza mshahara, lakini udongo haukupoteza kitu. Human Rights Watch, katika ripoti yake ya 2019, ilitaja vipimo vinavyofika miligramu 60,000 za risasi katika kilo moja ya udongo karibu na mgodi. Ili kuelewa ukubwa wa hesabu hiyo: Marekani kwa miaka mingi iliweka mpaka wa miligramu 400 kwa uwanja ambapo watoto wanacheza, na mwaka 2024 ikaushusha mpaka 200.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Zambia pamoja na wenzao wa Hokkaido, Japani, walipima damu ya watoto 246 wenye umri usiozidi miaka 7 katika mitaa hiyo mitatu. Matokeo yalitolewa mwaka 2015. Hakukuwa na mtoto hata mmoja aliyekuwa chini ya mikrogramu 5 kwa desilita moja ya damu. Hicho ndicho kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linasema mtu akikifikia lazima chanzo kitafutwe na kiondolewe.

Lubumbashi si Kabwe, lakini upepo ni uleule

Lazima kusema wazi: Lubumbashi haiko sawa na Kabwe. Tanuru la Lubumbashi lilikuwa la shaba, na shaba ndiyo iliyojaa zaidi katika udongo wake. Lakini mawe ya madini hayatoki ardhini yakiwa yametengwa. Mawe ya Kipushi, kwa mfano, yalikuwa na shaba, zinki na risasi pamoja. Yalipochomwa, sehemu moja ilitoka chini kama chuma cha kuuza, sehemu nyingine ikatupwa kwenye ule mlima mweusi unaoitwa terili, na sehemu nyingine ikapanda kupitia shemine ndefu ambayo imekuwa alama ya mji.

Katika kiangazi upepo wa Lubumbashi unatoka hasa kusini-mashariki. Kwa hiyo moshi wa miaka mingi ulilala upande wa kaskazini-magharibi ya tanuru. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wa Ubelgiji wamechora eneo hilo lenye umbo kama la pembe, na ndani yake miti imekufa na udongo umebaki uchi. Mtaa wa Penga Penga umo ndani ya eneo hilo. Katika vipimo vya udongo wamekuta shaba, zinki, risasi, kobalti, kadmiamu na aseniki.

Mwaka 2009 madaktari wa Lubumbashi na wa Chuo Kikuu cha Leuven walitoa matokeo ya kupima mkojo wa watu katika kusini ya Katanga. Wale waliokaa karibu na migodi na viwanda walikuwa na madini mengi mwilini kuliko wale wa mbali, na risasi ilikuwa mojawapo. Kobalti ndiyo iliyopata habari kubwa katika magazeti ya dunia, kwa sababu ya betri za simu na za magari. Risasi ikabaki nyuma ya pazia, ingawa ndiyo inayojulikana zaidi kwa kuharibu akili ya mtoto.

Habari haikuwa mpya

Watu wengine wanasema: zamani hawakujua. Historia inajibu kwamba walijua.

Mwaka 1904 daktari mmoja wa macho kule Queensland, Australia, J. Lockhart Gibson, aliandika kwamba watoto aliowatibu walikuwa wanapata sumu kutokana na rangi ya nyumba. Rangi ya baraza ilikauka kwa jua, ikawa unga, watoto wakaishika na kulamba vidole. Hiyo ilikuwa kabla reli haijafika Broken Hill. Ufaransa ilipitisha sheria dhidi ya rangi nyeupe ya risasi mwaka 1909. Mwaka 1921 Shirika la Kazi la Kimataifa, kule Geneva, lilipitisha mkataba wa kuzuia rangi hiyo katika kazi za ndani ya nyumba.

Lakini biashara ilifuata njia yake. Kuanzia 1923 risasi iliwekwa ndani ya petroli, na kwa karibu miaka mia moja magari yaliimwaga kando ya barabara za dunia nzima. Nchi ya mwisho kuacha petroli hiyo katika magari ilikuwa Algeria, mwaka 2021. Katika miaka ya 1970 na 1980 mtafiti Mmarekani Howard Mielke alipima udongo wa bustani katika mji wa Baltimore, akakuta kwamba risasi nyingi ilikuwa katikati ya mji, mahali palipojaa magari na nyumba za zamani. Kutoka hapo watu wakaanza kuelewa kwamba hatari haiko ukutani na hewani tu. Iko chini ya miguu, na inabaki hata baada ya moshi kuisha.

Kule Kabwe nako, hati zilizopelekwa mahakamani zinaonyesha kwamba madaktari wa mgodi walipima damu ya watoto wa Kasanda katika miaka ya 1970 na kukuta risasi nyingi. Wazazi wa watoto hao waliendelea kufagia na kulima katika udongo uleule.

Risasi inafanya nini mwilini

Mtoto anayemeza risasi, mwili wake unaweza kunyonya karibu nusu yake, kuliko mtu mzima ambaye ananyonya sehemu ndogo. Mtoto mwenye njaa ananyonya zaidi, na vilevile mtoto aliyekosa chuma na kalsiamu katika chakula. Risasi inaingia katika ubongo unaokua. Mtoto anachelewa kusema, anasahau darasani, hatulii, na mwalimu anamwita mvivu. Ikizidi sana inaleta degedege, kupoteza fahamu na kifo. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama.

Sehemu kubwa inakwenda kukaa mifupani kwa miaka mingi. Mwanamke aliyeimeza akiwa mtoto anaweza kuibeba mpaka siku ya mimba yake, na hapo inatoka mifupani na kumfikia mtoto tumboni. Ndiyo sababu familia ya mgodi inaweza kurithi sumu hata baada ya mgodi kufungwa.

Yaliyotokea Dakar na Zamfara

Katika Thiaroye-sur-Mer, karibu na Dakar, Senegal, wakaaji walikuwa wakivunja betri za gari za zamani. Bei ya risasi ilipopanda, wanawake walichekecha udongo wa mtaa ili kuokota vipande na kuviuza. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008, watoto 18 walikufa. Udongo ulikuwa umegeuka kuwa bidhaa, na bidhaa ikaingia ndani ya vyumba vya kulala.

Mwaka 2010, katika jimbo la Zamfara kaskazini mwa Nijeria, Madaktari Wasio na Mipaka walikuta vijiji ambapo watoto walikuwa wanakufa kwa degedege. Wachimbaji walikuwa wakisaga mawe ya dhahabu nyumbani, na mawe hayo yalikuwa na risasi nyingi. Watoto zaidi ya 400 walikufa. Hapo lilipatikana somo ambalo miji ya Katanga inapaswa kulishika. Madaktari walikuwa na dawa ya kutoa risasi katika damu, lakini walikataa kuwarudisha watoto katika viwanja vichafu, kwa sababu dawa inatoa leo na udongo unarudisha kesho. Kwa hiyo viwanja vilisafishwa kwanza: udongo wa juu ulikwanguliwa, ukafukiwa mbali, na udongo safi ukaletwa. Wanakijiji wenyewe walishika majembe. Matibabu yalikwenda pamoja na kazi hiyo. Kijiji cha Bagega kilingoja usafi huo mpaka 2013, na wakati wote huo watoto wake walikaa bila matibabu kamili.

Kabwe ilitoa somo la pili. Kati ya 2003 na 2011 mradi uliolipwa na Benki ya Dunia ulisafisha mfereji na baadhi ya viwanja. Lakini jalala la mgodi lilibaki wazi, na watu maskini waliendelea kuchimba ndani yake wakitafuta kipande cha kuuza. Upepo ukarudisha vumbi katika viwanja vilivyokwisha kusafishwa. Mradi mwingine ulikuja baadaye na kupima watoto na kuwapa dawa. Kusafisha lupango na kuacha jalala wazi ni kama kukausha sakafu na mvua inaendelea kupita kwenye bati lililotoboka.

Nani alipe?

Mwezi Oktoba 2020 wanawake na watoto wa Kabwe walifungua kesi Johannesburg dhidi ya kampuni ya Anglo American South Africa, wakisema ilihusika na mgodi kati ya 1925 na 1974. Kampuni ilikataa: ilisema haikuwa mwenye mgodi wala mwendeshaji wake, na kwamba mgodi uliendelea mikononi mwa serikali kwa miaka 20 baadaye. Mwezi Desemba 2023 jaji alikataa kesi hiyo isiendelee kama kesi ya kundi zima, na mawakili wa wakaaji wakaomba rufaa. Mombasa, Kenya, mahakama iliamua mwaka 2020 kwamba wakaaji wa Owino Uhuru, waliokuwa jirani na kiwanda cha kuyeyusha betri, walipwe shilingi bilioni 1.3, lakini rufaa zikafuata kwa miaka.

Kesi hizi ni za haki na zina maana. Lakini mtoto mwenye umri wa mwaka mmoja hawezi kungoja hukumu. Miaka yake mibaya zaidi kwa risasi ni hii ya sasa, kabla hajaingia shule.

Kinachoweza kufanyika katika lupango

Kwanza, ukweli ambao haupendezi: utafiti uliokusanywa kutoka nchi mbalimbali unaonyesha kwamba kunawa mikono na kupangusa vumbi peke yake hakushushi sana risasi katika damu ya watoto. Kumwambia mama anawe na kufagia vizuri, kisha kumwacha juu ya udongo mchafu, ni kumtupia mzigo usio wake. Kinachosaidia kweli ni kumtenga mtoto na udongo wenyewe. Mengine yanasaidia yakifuata hilo.

Mahali pa kuanzia ni pale mtoto anapocheza. Si lazima kufunika lupango nzima kwa siku moja. Sehemu ya mbele ya mlango na ya chini ya mti wa kivuli inaweza kufunikwa kwa saruji, matofali, changarawe, au udongo safi ulioletwa kutoka mbali na kiwanda, mbali na barabara kubwa na mbali na terili. Udongo huo uwekwe mnene, si wa kunyunyiza tu, na ushindiliwe. Mchanga au mabaki ya terili yasitumike kujaza mashimo ya lupango, hata kama yanapatikana bure.

Sehemu nyingine ipandwe majani mafupi. Hapa ndipo desturi ya kufagia mpaka udongo uwe mtupu inahitaji kubadilika kidogo. Majani yaliyokatwa mafupi hayafichi nyoka, na yanashika vumbi chini. Huko Penga Penga watafiti walijaribu kupanda majani ya kienyeji yanayovumilia madini, wakichanganya udongo na chokaa na mboji. Chokaa na mboji vinashika madini yasitembee kwa urahisi. Majani hayatoi risasi ardhini, lakini yanaizuia isiruke. Panapobaki udongo mtupu, nyunyiza maji kabla ya kufagia, na watoto wakae mbali mpaka vumbi litue.

Bustani ya mboga iwe mbali na ukuta wenye rangi ya zamani na mbali na barabara, au iwe juu ya tuta lililojazwa udongo safi na mboji. Risasi nyingi ya mboga inatokana na udongo uliogandamana juu ya jani. Kwa hiyo lengalenga, sombe na matembele vioshwe mara kadhaa kwa maji mengi, na viazi na karoti vimenywe. Nyanya na matunda ya mti yana hatari ndogo kuliko majani na mizizi.

Viatu vibaki mlangoni. Fundi wa betri, mchomeleaji na mchimbaji wabadilishe nguo na kuoga kabla ya kubeba mtoto, na nguo za kazi zifuliwe peke yake. Betri isivunjwe wala kuyeyushwa ndani ya lupango kwa bei yoyote, na mbao zenye rangi ya zamani zisiwe kuni za kupikia bukari. Mama mjamzito aache kula udongo na pemba, kwa sababu hajui ilichimbwa wapi. Mtoto ale kabla ya kwenda kucheza, na apate samaki wadogo, maharagwe na mboga za majani kwa ajili ya chuma na kalsiamu.

Mtoto anayechelewa sana kusema, anayeumwa tumbo mara kwa mara, au anayepata degedege bila malaria, mzazi wake amwambie daktari wazi kwamba wanakaa karibu na kiwanda au na mahali pa betri. Dawa ya kutoa risasi inatolewa hospitalini, kwa kawaida mtoto anapofika mikrogramu 45 kwa desilita au zaidi. Hakuna maziwa wala mti-shamba unaofanya kazi hiyo.

Kuna mambo yanayozidi nguvu ya nyumba moja. Kufunika jalala, kumwagia maji barabara za vumbi, kupima udongo wa viwanja vya shule, na kupima damu ya watoto wa mitaa iliyo chini ya upepo wa shemine ni kazi ya serikali na ya kampuni zinazoendelea kuchukua mali katika mlima huo mweusi. Viongozi wa mitaa wanaweza kuanza na ombi moja dogo: udongo wa uwanja wa shule ya msingi upimwe, na matokeo yasomwe mbele ya wazazi. Kule Kabwe vipimo vilikuwepo tangu miaka ya 1970. Kilichokosekana ni mtu wa kuwasomea wazazi.